Ku mine hakuna tiri bila sirene. Na ku lupango iwe vile vile

Noeli na Bonane ziko karibu. Ku masoko ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, pembeni ya nguo za watoto na magunia ya muchele, mapetari yameanza kupangwa ku meza. Siku chache tu na mitaa yetu itaanza kulia: pa! pa! pa! tangu magaribi mupaka usiku wa manane. Batata na bamama watajaza sahani, watoto watavaa vipya, na kila moja atamutakia jirani yake mwaka muzuri. Sisi pia tunapenda ile furaha. Hatuandike hapa juu ya kuizima.

Tunaandika juu ya wale wenye hawakualikwa ku sikukuu lakini wanaibeba usiku muzima: imbwa mwenye analinda lupango, paka mwenye anafukuza panya, kuku wa mama, mbuzi wa minervale, njiwa wa mutoto. Tunajua namna wengine watasema: "Bakubwa ba gazeti, bei ya mukate imepanda, mushahara haujatoka, na ninyi munatuletea habari ya imbwa?" Ndiyo, tunaileta. Na tunaileta kwenu watu wa mine kwanza, kwa sababu katika inchi hii hakuna wengine wenye wanajua mambo ya mulipuko kupita ninyi.

Kitu chenye mine inafundisha

Tuangalie namna tiri inafanyika ku kariere. Saa inajulikana mbele. Watu na mashini wanaondoka. Walinzi wanafunga njia. Sirene inalia. Fundi wa baruti anahakikisha kwamba hakuna mutu amebakia ndani, kiisha tu njo anawasha. Na kiisha mulipuko, hakuna mutu anakimbilia kule. Wanangojea moshi na vumbi vitoke, fundi anaenda kwanza kuangalia kama kuko tundu lenye halikulipuka, na halafu njo watu wanaruhusiwa kurudi ku kazi.

Sheria hii haikuwekwa bure. Watu walikufa mbele yake. Baruti haina macho. Haichague kati ya jiwe na mutu. Njo maana mwenye kuiwasha anapashwa kuona kwa ajili yake.

Mama mwenye nyumba yake iko karibu na kariere anaijua pia hii sheria, hata kama hajavaa kaske hata siku moja. Saa ikifika, anaondoa sahani ku pembeni ya meza, anamushika mutoto, anamuambia: "Usiogope, ni tiri." Ardi inatetemeka, dirisha linalia, na mutoto anaendelea kucheza. Kelele ni ile ile, lakini woga umepungua, juu mutoto alijua.

Sasa tufikiri juu ya imbwa. Hakuna mutu anaweza kumuambia, "Usiogope, ni Bonane." Hajui kalenda. Hajui saa sita ya usiku. Kwake, usiku moja tu, bila sababu, mbingu inapasuka toka pande zote, moto unaruka, harufu ya baruti inajaa hewa, na watu wake mwenyewe wanapiga makelele. Ni tiri bila sirene, bila mulinzi wa njia, bila mwisho wenye kujulikana.

Juu ya nini wanaogopa kupita sisi

Wengine wanasema: "Imbwa wangu ni mukali, hawezi kuogopa petari." Ukali hauhusiane na mambo haya. Sikio la mutu linasikia sauti mupaka karibu mitikisiko 20,000 kwa sekunde moja. Sikio la imbwa linafika karibu 45,000, na la paka linapita hapo. Kuko sauti zenye sisi hatusikie hata kidogo, lakini wao wanazisikia. Kuko tena sauti zenye kwetu ziko mbali, na kwao ziko hapa hapa ku mulango.

Tuko pia katika miezi ya mvua. Radi inapiga karibu kila siku, na imbwa wengi wanaiogopa. Lakini radi inaleta habari mbele: upepo unabadilika, mawingu yanajikusanya, harufu ya mvua inafika. Nyama anazisoma zile alama na anatafuta pa kujificha. Petari halina alama. Linapasuka tu. Njo maana hata imbwa mwenye alizoea radi, ao mwenye alikomaa karibu na kariere, anaweza kupoteza akili usiku wa tarehe 31.

Woga wa nyama unaonekana, ukijua kuangalia. Anatetemeka. Anapumua haraka haraka na ulimi nje, hata kama hakuna joto. Anamwanga mate. Mukia unaingia katikati ya miguu. Anazunguka-zunguka bila kulala, anakwaruza mulango, anakataa bukari na hata nyama. Mwenye alikuwa safi ndani ya nyumba anakojoa chini. Hii si ujeuri, haiombe fimbo. Ni mwili wenye unasema, "Nitakufa."

Kitu gani kinapotea

Ya kwanza ni kukimbia. Imbwa mwenye ameshikwa na woga anaruka ukuta wenye hajaruka hata siku moja. Anapita katikati ya mabati na anajikata. Anaingia ku barabara kubwa, mbele ya malori yenye kubeba madini, yenye hayawezi kusimama haraka. Na kama amefungwa na munyororo, ni mubaya zaidi: anajivuta mupaka shingo inavimba, ao anaruka ukuta na munyororo wake unamushikilia juu, anajinyonga. Mutu anawasha petari kwa sekunde mbili. Familia inamaliza wiki mbili ikimutafuta imbwa wake.

Ya pili ni ulinzi. Mine hailale siku ya Bonane. Baba wengi watakuwa ku zamu ya usiku wakati saa sita inagonga. Mama na watoto watakuwa ku kanisa, ku maombi ya kufunga mwaka. Lupango inabakia na nani? Na imbwa. Mwizi anajua hivyo vizuri. Imbwa akikimbia saa sita ya usiku, mulango wa nyuma umebakia wazi katika usiku wenye watu wote wako nje na kila kelele inazimwa na kelele ingine.

Ya tatu ni mali ndogo ya nyumba. Kuku wenye wamesituka usiku wanajisukuma wote ku kona moja, na wadogo wanakufa chini ya wakubwa kwa kukosa hewa. Kuku mwenye alitaga kila siku anaweza kusimama kutaga. Mbuzi anakata kamba na anavunja muguu, na mwenye mimba ni wa kuchungwa zaidi. Njiwa anaruka katika giza na hajui kurudi. Watu wenye wanaishi na mushahara wa mwisho wa mwezi wanajua kwamba mbuzi moja ni minervale ya mutoto, na mayai ni sabuni na mafuta ya wiki.

Kama kuko mwenye anafikiri tunaongeza chumvi, akumbuke mambo ya muji mudogo wa Beebe, kule Arkansas, Marekani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2010, fataki kubwa zilipasuka karibu na miti kwenye ndege wengi walikuwa wamelala. Wale ndege waliruka wote katika giza, na wakajigonga ku manyumba, ku miti na ku nguzo. Asubui ya Bonane, watu walikuta ndege zaidi ya 3,000 wamekufa ku barabara na ku mapaa. Hakuna sumu, hakuna ugonjwa. Ni woga tu na giza.

Ya ine ni kichaa cha imbwa

Hapa tunaomba kila mama na kila baba asome polepole, juu hapa si habari ya nyama tena, ni habari ya mutoto.

Imbwa mwenye amekimbia usiku anakutana na imbwa wa barabarani. Wanapigana, wanaumana. Kiisha siku mbili ao tatu anarudi nyumbani na jeraha kidogo ku sikio, watoto wanafurahi, wanamukumbatia, jeraha linapona, watu wanasahau. Kama yule mwenye alimuuma alikuwa na raje, ule ugonjwa wenye tunaita kichaa cha imbwa, basi ugonjwa umeingia katika lupango. Na imbwa mwenye amepotea, mwenye anaogopa, anaweza kumuuma mutoto wa watu ku mutaa mwingine mwenye alitaka tu kumusaidia.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba raje yenye inaua watu inatoka kwa imbwa karibu kila mara, mupaka asilimia 99. Katika wale wenye wanakufa, asilimia 40 ni watoto wenye hawajafika miaka 15. Wengi sana wanakufa Afrika na Asia. Na alama za ugonjwa zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna mwenye anapona. Lakini mbele ya alama, kuko nafasi, na nafasi hiyo ni kubwa. Tangu tarehe 6 Julai 1885, wakati Louis Pasteur alimuchanja mutoto Joseph Meister wa miaka 9 kule Paris, tunajua kwamba mutu mwenye ameumwa anaweza kuokolewa, kama anachanjwa haraka.

Basi, mutu akiumwa ao akikwaruzwa na imbwa: osha jeraha na maji yenye kutiririka na sabuni, dakika 15 nzima, saa ku mukono. Usipake mafuta ya mashini, usipake pilipili, usipake majivu. Kiisha enda ku hospitali siku ile ile, hata kama ni sikukuu, hata kama jeraha ni dogo. Usingojee kuona kama imbwa ataendelea muzuri.

Na imbwa mwenyewe, achanjwe mbele. Wataalamu wanasema kwamba imbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Dunia imejiwekea mwaka wa 2030 kuwa mwisho wa watu kufa na raje ya imbwa. Hatuwezi kufika kule kama tunamununua imbwa, tunamufunga ku mulango, na hatujui hata munganga wa wanyama anakaa wapi.

Sirene yetu sisi wa ku lupango

Sasa tufanye kama fundi wa baruti: mbele, wakati wa mulipuko, na kiisha.

Siku kadhaa mbele. Angalia ukuta, mabati, uzio na mulango. Ziba tundu. Muvalishe imbwa mukufu wa ngozi ao wa kitambaa cha nguvu, na uandike namba ya telefone yako ndani na wino wenye haufutike. Ni kitu cha feza kidogo, na njo chenye kinamurudisha nyumbani. Chukua picha yake na telefone. Chagua pahali pake pa kujificha na umuzoeze pahali pale tangu sasa: umulishe pale, umupatie mufupa pale, alale pale. Wenye wako na wiki nyingi mbele yao wanaweza pia kumusikilizisha sauti ya mapetari ku telefone, kidogo sana kwanza, wakati anakula, na kuipandisha polepole siku kwa siku. Akianza kutetemeka, umeenda haraka; shusha.

Siku yenyewe, muchana. Mutembeze mbele ya jua kuzama, achoke vizuri. Mupatie bukari yake mapema, magaribi, na maji ya kutosha. Kiisha mumuingize ndani mbele ya watoto wa mutaa kuanza kuwasha. Usingojee saa sita, juu petari la kwanza halingojee saa sita.

Kama uko na vyumba viwili ao vitatu, chagua chenye kiko mbali na barabara. Kama uko na chumba kimoja tu, kama wachimbaji wengi kule Kasulo ao ku makambi ya pembeni ya kariere, usiseme haiwezekane. Chini ya kitanda panatosha. Weka blanketi ya zamani na gunia, utundike kitenge kizito ku dirisha ili moto usionekane, uweke katoni kwa ajili ya paka. Nyama mwenye anaogopa hatafute ukubwa. Anatafuta pa kufunika mugongo wake. Washa redio ao televizio, sauti ya kila siku, si kwa nguvu. Kelele yenye anajua inafunika kelele yenye hajui.

Kuku waingizwe mapema, na nyumba yao ifunikwe na magunia, lakini hewa ipite. Mbuzi aingizwe ndani ya uzio ao ndani ya jiko la inje, asiachwe ku kamba katikati ya kiwanja. Njiwa wafungiwe.

Munyororo tunaurudilia, juu ni hapo wengi wanakufa: usiku huu, imbwa asifungwe. Kama lazima ya kumufunga, basi afungwe ndani, kamba fupi yenye haiwezi kufika ku dirisha ao ku ukuta, na mutu abakie karibu.

Wakati wa mulipuko. Kama kuko mutu ku nyumba, akae naye. Mugusa, umuseme na sauti ya kawaida. Kuko wenye wanasema kwamba ukimufariji imbwa mwenye anaogopa unamufundisha kuogopa. Hiyo si kweli. Woga haukomae kwa sababu ya mukono wa mwenye nyumba, unatulia. Lakini usimuvute toka pahali pake pa kujificha, na usimulazimishe kwenda inje "azoee". Na usimupige. Mwenye unapiga wakati anaogopa atakumbuka viwili: petari na wewe.

Dawa. Tusikie vizuri. Parasetamole ya mutu inaua paka. Dawa ya usingizi ya baba haiko ya imbwa. Pombe, hata kidogo, hata lutuku ya kuonjesha tu, ni sumu kwake. Kuko dawa za kweli za kupunguza woga, lakini ni munganga wa wanyama njo anapima uzito na anasema kiasi. Hata katika zile dawa, kuko zenye zinalegeza mwili tu na zinaacha woga ndani: nyama analala chini, watu wanasema ametulia, kumbe anaogopa na hawezi kukimbia. Njo maana unapashwa kumuuliza munganga mbele ya sikukuu, si usiku ule.

Kiisha. Hapa njo watu wa mine watatuelewa mbio. Hatukimbilie ku kariere wakati moshi haujatoka. Asubui ya Bonane, usifungue mulango haraka: mapetari mengine yanabakia mupaka muchana. Pitia lupango kwanza. Okota mabaki yote, karatasi, vijiti, na zaidi mapetari yenye hayakupasuka, juu imbwa na kuku wanaweza kuyala, na mutoto anaweza kuyawasha tena mukononi. Yamwangie maji. Kiisha fungulia nyama, umuangalie miguu, masikio na kinywa. Kama amepotea, anza kumutafuta siku ile ile, karibu na nyumba kwanza, katika mifereji na chini ya magari, juu wengi hawaende mbali, wanajificha.

Kwa jirani na kwa wakubwa

Mutu moja anaweza kufunga mulango wake, lakini hawezi kufunga mutaa. Njo maana tuko na maneno kwa wengine pia.

Kwa wazazi: petari si la kutupia nyama. Mutoto mwenye anatupia imbwa petari juu ya kucheka, ao analifunga ku mukia wa paka, anajifunza kitu kibaya, na siku moja vidole vyake njo vitalipa. Na kama familia inataka kuwasha, mutu mukubwa awashe, pahali pamoja pa wazi, mbali na manyumba, kwa muda mufupi wenye kujulikana. Muambie jirani wako wa kushoto na wa kuume: "Saa sita tutawasha, kwa dakika kumi." Hiyo njo sirene. Haina bei.

Kwa wachuuzi: tunajua munatafuta mukate wa watoto wenu. Lakini musiuzie mutoto wa miaka saba kitu chenye baba yake, hata kama ni fundi, haruhusiwe kuwasha bila kutia sahihi.

Kwa bachefu ba kartie na wakubwa wa komine: mutangaze saa na pahali. Kuko wenye walifanya zaidi. Kule Collecchio, muji mudogo wa Italia, tangu 2015 walikubali fataki zenye hazipige kelele tu. Visiwa vya Galápagos, vya inchi ya Ekuador, mwishoni mwa 2018 walikataza fataki za kelele juu ya kulinda wanyama wao. Hatuombe kuiga inchi za watu katika yote. Tunaomba saa moja, pahali pamoja, na mutu wa kujibu. Pale kwenye kuko amri ya kukataza mapetari, iheshimiwe na mukubwa kama mudogo. Na mwaka wenye unaanza, tunaomba zoezi la kuchanja imbwa lifike mupaka ku makambi ya wachimbaji, si katikati ya muji tu.

Kwa wasimamizi wa usalama na madelege wa wafanyakazi ku mine: kila asubui, mbele ya kazi, munakusanya watu na munaongea juu ya usalama. Katika wiki ya mwisho ya mwaka, munaweza kutoa dakika tano juu ya mapetari ya ku nyumba. Mufanyakazi mwenye anawaza imbwa wake na watoto wake usiku ule hayuko na akili yote ku kazi.

"Lakini ni siku moja tu"

Tunasikia jibu: "Mwaka muzima tunateseka, ni siku moja tu, acheni watu wafurahi. Imbwa ni imbwa." Hatukatae furaha. Lakini furaha ya kwetu haikuanza na mapetari. Ngoma iko, nyimbo ziko, sahani na makopo ya kugonga yako, na vigelegele vya bamama vinasikika mupaka ng'ambo ya pili. Tena katika mitaa yetu kuko watu wenye walipita katika masasi, toka Kolwezi ya 1978 mupaka wale wenye wamekimbia vita vya mashariki katika miaka hii. Petari likipasuka, wao wanajiuliza kwanza kama ni sasi. Kelele kidogo itawapumzisha pia.

Na kuhusu "imbwa ni imbwa", watu wa mine hawapashwe kusema hivyo. Katika mine za makaa ya mawe za Uingereza, kwa miaka mingi mupaka 1986, wachimbaji walishuka chini na ndege mudogo anaitwa kanari ndani ya kizimba. Gazi ya sumu yenye haina harufu ilimuangusha yeye kwanza, na watu walijua kwamba inafaa kutoka. Wale wachimbaji walimujua ndege wao, walimusemesha kama ndugu wa kazi. Walielewa kwamba nyama mwenye anaishi pembeni ya mutu anabeba hatari mbele yake.

Imbwa wa lupango anafanya kazi ile ile. Anabweka mbele ya mwizi kufika. Anamusikia nyoka mbele ya mutoto kumukanyaga. Usiku 364 wa mwaka anakaa macho juu yetu. Usiku moja tu, ni zamu yetu.

Basi tarehe 24, na tena tarehe 31, jua likianza kuzama, mutu moja katika kila nyumba ajipe kazi hii: kuku wako ndani? Mbuzi yuko ndani? Paka ameonekana? Munyororo umetolewa ku shingo? Namba ya telefone iko ku mukufu? Mulango umefungwa? Kama baba yuko ku zamu, mama afanye. Kama mama yuko ku kanisa, mutoto mukubwa afanye mbele ya kutoka. Ni dakika kumi za kazi.

Kiisha tule, tuimbe, tutakiane mwaka muzuri. Na asubui ya Bonane, tukifungua mulango, wote wenye walikuwa ku lupango jana wawe bado pale.